Mkate Usiofunikwa

Minto, Sydney, siku ya kuamkia safari yako

Nekesa mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua: nimekusikia asubuhi ukiimba bafuni huku ukimaliza maji ya moto. Yangu ndiyo sijui niielezeje. Tangu utoke kwenda kuwaaga rafiki zako Bankstown, sijakaa kitini muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. Nimepiga pasi nguo ulizokwisha kuzipiga pasi mwenyewe. Nimefungua sanduku lako, nikalitazama, nikalifunga. Nimetoka mara kadhaa hadi kwenye kisanduku cha barua pale mbele, na leo ni Jumamosi, posta haiji. Kazini niliomba ruhusa ili nishinde nawe, nawe hupo, na mimi mwenyewe ni kama sipo.

Habari za soksi, koti la baridi na kupiga simu ukifika sitaziandika. Nimezisema mpaka zimekuchosha, nawe umenijibu kwa ile "Yes, Mum" yako ambayo maana yake ni nyamaza. Nataka kuandika kuhusu ule mkate wa Louisville. Usicheke. Nataka pia kuandika kuhusu baba yako, maana nimejaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili nikashindwa.

Nimeupika leo. Wa kwanza nimeuharibu. Wa pili uko ndani ya oveni sasa hivi, nami naandika huku nikiinuka kuchungulia. Ukiona mwandiko umepinda, ujue ni hapo nilipoinuka.

Nakumbuka siku uliyonieleza habari zake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa wiki ile ulipopata nafasi ya kwenda kusoma Louisville, kule Amerika, mji ambao baba yako ameishi tangu ukiwa mdogo. Ulikuwa umekaa juu ya kaunta ya jikoni, miguu inaning'inia, mtu mzima mwenye shahada. Ukaniambia mji ule una chakula chake kinachojulikana kote. Kipande kinene cha mkate uliobanikwa, juu yake nyama ya bata mzinga, juu yake mchuzi mweupe mzito wa maziwa na jibini. Kisha unaingizwa chini ya moto wa juu wa oveni mpaka mchuzi utokote na kupiga rangi ya kahawia. Halafu nyanya, na vipande viwili vya bekoni vilivyopishana. Mkate wa pili wa kufunika juu hakuna. Unaliwa kwa uma na kisu. Ulisema ulibuniwa katika hoteli moja ya zamani ya mji huo, kwa ajili ya watu waliotoka kucheza dansi wakiwa na njaa.

"Hot Brown, Mum," ulisema. "It's famous."

"Sawa," nikasema. "Na chakula kiko wapi?"

Ulicheka siku hiyo. Unajua ninakotoka. Kwetu Bungoma mkate ni wa chai. Nyumba ikila mkate jioni, jirani ataanza kuuliza kwa upole kama kuna tatizo. Mgeni akipewa mkate badala ya ugali na kuku, atakwenda kusimulia hadi kwa watu wasiomjua mwenyeji.

Lakini hukuacha. Kila ulipopata nafasi uliingia jikoni, ukaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, na baba yako akawa anakuelekeza kutoka huko. Sauti yake ikaingia jikoni mwangu baada ya miaka yote ile. "Punguza moto, Neke. Koroga polepole, usiache." Yeye huyo ambaye tulipooana hakujua kuchemsha yai. Kila alipoanza kuongea, mimi nilikumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanika. Siku moja nilianika nguo kavu. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Kitu kile hakina jina lingine, nimelitafuta.

Sasa nije kwenye ile Jumapili, maana hatujaizungumza, na kesho unapanda ndege.

Wale wa ushirika wetu walikuja kukuombea safari. Nilikuwa nimeamka mapema kama kawaida yangu, na kabla watu hawajaanza kuingia pilau ilikuwa ndani ya hotpoti, chapati ndani ya hotpoti, kuku ndani ya hotpoti, zote zimepangwa mezani, vifuniko vimebana. Unazijua hotpoti zangu. Nimekulea nazo. Nilipokuwa nikifanya zamu za jioni hospitali ya Westmead, ulirudi kutoka shule ukakuta chakula humo bado kina moto, na mimi sipo. Kwangu chakula kilichofunikwa kina mtu anayesubiriwa. Kilichoachwa wazi ni cha nzi.

Wewe ukasema utapika chako. Ukaandaa mikate ya watu wote, ukaitoa katika oveni ikitokota, jibini limepiga rangi, harufu imejaa nyumba nzima. Uso ulikuwa umeloa jasho na umefurahi. "Mum, call them now, it has to be now," ukaniambia, ukakimbilia chumbani kubadilisha blauzi.

Mimi ningewaitaje watu? Mchungaji alikuwa hajaomba. Wenzetu wa zamu ya asubuhi walikuwa bado njiani kutoka Westmead, na kwetu sisi huwezi kuketi kula huku ukijua mwenzako yuko barabarani. Basi nikafanya kile ambacho mikono yangu inakijua. Nikachukua hotpoti kubwa kuliko zote, nikaipanga mikate yako humo, mmoja juu ya mwingine, na bekoni yake na nyanya zake, nikafunika, nikakaza. Kweli kabisa nilidhani nakusaidia.

Maombi yalikuwa marefu. Kila mtu alikuwa na neno la kukupa. Tulipofunua, mvuke ulitoka, na chini yake palikuwa na kitu ambacho hata mimi sikukitambua. Mkate ulikuwa umelowa ukawa uji. Bekoni imelegea, nyanya zimezama. Mama Furaha, yule jirani yetu Mkongo, alichota kwa kijiko, akala, akanyamaza. Wengine walichukua kidogo kwa adabu.

Ningeweza kusema, "Jamani, kosa ni langu, nimeufunika." Ni maneno machache tu. Badala yake nilikuona umesimama mlangoni na blauzi yako safi, nikaona watu wananitazama mimi, mwenye nyumba, mpishi anayesifiwa hadi Campbelltown, nikasema kwa ile sauti yangu ya kuchekesha, "Hicho ndicho chakula cha kwa baba yake. Mumwombee sana mtoto huyu, anakwenda kwenye njaa."

Wakacheka wote. Wewe ukachukua sahani yako ukaingia chumbani. Ulipotoka baadaye kunywa maji ulisema jambo moja tu. "I'll take the train to the airport, Mum. By myself."

Nikasema sawa. Tangu siku hiyo tumeishi humu kama wapangaji wawili wenye adabu, samahani hapa, asante pale.

Hilo ndilo linaloniinua kitini tangu asubuhi. Najua treni ya Minto inafika uwanja wa ndege, na huhitaji mtu wa kukupeleka. Lakini nimekuwa nikikupeleka mahali tangu ulipokuwa hufikii kitasa cha mlango, na naogopa kwamba kesho utaingia treni na mzaha wangu wa Jumapili ndio utakaokuwa neno la mwisho la nyumba hii. Utaubeba hadi kwa baba yako. Atakufungulia mlango, atauliza kama mama hajambo, nawe utakuwa na la kumwambia.

Ngoja, naona moshi.

Nimerudi. Haujaungua, umekolea pembeni tu. Ngoja upoe kidogo nikueleze wa kwanza ulivyoharibika, maana najua utafurahi. Niliuharibu kwa sababu ya ugali. Nilichemsha maziwa, yalipofoka nikamwaga unga, nikashika mwiko. Mkono wangu haujui njia nyingine: unga ukikutana na kitu cha moto, unasonga. Kabla sijajua nilikuwa na donge moja lililoshikana vizuri, ugali wa maziwa na jibini. Nimeuonja. Si mbaya. Ila mchuzi si mchuzi.

Hapo nikaikumbuka ile sauti ya kando ya mkebe wa sukari. Siagi kwanza. Unga uive ndani ya siagi kabla ya kuonana na maziwa. Maziwa kidogo kidogo, na ile waya ya kupigia mayai, si mwiko. Kumbe nilikuwa nikisikiliza wakati wote ule nilipokuwa nikianika nguo. Nikafuata maelekezo ya baba yako neno kwa neno, na mchuzi ukawa laini bila donge hata moja. Nilikasirika sana.

Bata mzinga nimemnunua jana Bankstown. Muuza nyama aliniuliza, "Mama, Christmas imeletwa mbele?" Nikamwambia kuna mtu anasafiri. Bekoni, kwa kuwa yeye hauzi nguruwe, nikaitafutia duka lingine.

Huo wa pili umeliwa na Mama Furaha. Harufu ilimvuta, akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama anavyofanya.

"Mama Neke, unapika nini? Si ile ya dimanche, ile Jumapili?"

"Ndiyo hiyo. Onja."

Alikula amesimama. "Ah, hii iko muzuri. Juu inalia, ndani iko laini. Ile ya siku ile haikukuwa hivi."

"Ile niliifunika mimi."

"Niliona."

"Uliona ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Uko mama ya nyumba." Alifuta mchuzi kwa kipande cha mwisho. "Lakini mutoto alipika chakula ya papa yake, wewe ukaiharibu, kisha ukachekesha watu. Na mimi nilicheka. Nilipofika kwangu nikasikia haya."

"Sasa nifanye nini, Mama Furaha?"

"Mi nitajua wapi? Watoto yangu wote wananijibu na Anglais, Kiingereza tu." Akaosha sahani, akaenda zake.

Usidhani sasa nitakuambia kwamba mtoto ni kama mkate, usimfunike, mwache apate hewa. Ningekuwa mchungaji ningesema hivyo na watu wangeitikia amina. Mimi najua tu kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema kosa ni langu, nikachagua kuchekesha. Nimeufanya mzaha njia ya kusema kitu na kukikana papo hapo. Mtu akiumia namwambia, ah, nilikuwa nacheka tu. Umenirithi macho na miguu mirefu, na nimeanza kuusikia mzaha huo mdomoni mwako pia. Ukiweza, huo uniachie mwenyewe.

Kuna jambo lingine la chakula ambalo sijawahi kukusimulia, kwa sababu linanitia aibu. Mwaka wetu wa kwanza hapa, muuguzi mmoja wa wodini alinialika kwake chakula cha jioni. Mama mzungu mpole, nywele fupi. Ndiye aliyenionyesha mahali pa kila kitu, ndiye aliyenifundisha kusema nimechoka bila kuona haya. Sasa mimi nikajua nitapewa majani na mkate. Kabla ya kuondoka nyumbani nikasonga ugali, nikala na mboga, nikashiba kabisa, ndipo nikaenda. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wote, tulishauriana hivyo: kula kwanza, usije ukaaibika na njaa kwa watu. Nilipofika nikakuta ameoka kuku mzima kwa ajili yangu. Alikuwa ameuliza watu Wakenya wanapenda nini. Nilikula kipaja kimoja, kikakataa kushuka. Nikamwambia mimi huwa sili sana. Alifunika kuku yule kwa karatasi ya foili, taratibu, na hakunialika tena. Tuliendelea kusalimiana kazini mpaka alipostaafu. Nimewahi kumpoteza rafiki kwa sababu nilimwendea nikiwa nimeshiba, na hata leo nikipita karibu na mtaa wake naangalia upande mwingine.

Kwa hiyo nilipokwambia kwa mzaha kwamba kwa baba yako kuna njaa, sikuwa nakuombea chakula. Nilikuwa nataka uende kwake umeshiba.

Sasa la baba yako. Nimeinuka mara mbili kabla ya kuandika sentensi hii.

Nimekuambia tangu utotoni kwamba alikataa kuja Sydney. Ni kweli, alikataa. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Tulipokuwa Eldoret, wewe ukiwa mgongoni, tulikubaliana kila mmoja ajaribu njia yake, na atakayetangulia kupata amvute mwenzake. Yeye akapata Amerika, akaanza kazi katika ghala la mizigo huko Louisville. Kabla karatasi zetu za kumfuata hazijakamilika, mimi nikapata kazi ya uuguzi hapa, na ruhusa ya kuja nawe. Alinipigia simu. "Njooni huku. Nimepata nyumba yenye chumba cha Neke." Nikamwambia, "Njoo wewe. Mimi nimepata kazi niliyosomea." Akasema na yeye ana kazi. Hatukugombana. Tuliulizana hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa upole, njoo, njoo wewe, mpaka ikafika siku hakuna aliyeuliza.

Chumba kile alikuwa amekipaka rangi ya chungwa, kwa sababu ulikuwa unapenda machungwa. Aliniambia. Mimi sikukuambia. Ulipokuwa darasa la pili ukaniuliza kwa nini Baba haji, nikasema amekataa, nikaendelea kukatakata vitunguu. Lilikuwa swali la mtoto, nami nikalijibu kama mke aliyeudhika.

Siandiki haya ili umwone yeye mwema na mimi mbaya. Yeye pia alikuwa na miguu, na ndege zinaruka pande zote mbili. Waliosema mafahali wawili hawakai zizi moja walitusema sisi, ila hawakufikiri kwamba fahali mmoja anaweza kuwa mama wa mtu. Kama siku moja utapenda mtu na mmoja wenu ikabidi ahame, semezaneni mapema nani atahama, na mseme kwa sauti. Sisi tulingoja mwenzetu achoke. Tulikuwa na subira sana, kila mmoja na subira yake, na subira hiyo ikatumaliza.

Nasikia geti. Naificha barua.

Umekwisha kula, uko chumbani unaongea na simu. Naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya kuhusu ilivyokuwa.

Ulipoingia, mkate wa tatu ulikuwa chini ya moto. Nilikuwa nimeuweka niliposikia hatua zako, na nikaomba usisimame kuongea na Mama Furaha uani. Hukusimama. Nikautoa ukitokota, nikaweka nyanya na bekoni, nikauweka mbele yako juu ya meza tupu. Uliitazama meza. Ukatafuta kifuniko, nilikuona.

"Aren't we waiting for anyone?"

"Hatumsubiri mtu."

"Not even saying grace?"

"Nimeshasali mkate ukiwa motoni. Kula."

Ukacheka kidogo kupitia puani, ukachukua uma. Mkate ulilia ulipoukata. Mimi nilibaki nimesimama, nimeshika ukingo wa sinki, na kwa kuwa nilijua nikikaa nitachekesha, nikasema nikiwa nimesimama hivyo hivyo. "Jumapili ile kosa lilikuwa langu. Nilikiharibu chakula chako, kisha nikakucheka mbele za watu. Nilikuwa na wivu. Nisamehe."

Ulitafuna muda mrefu.

"I know, Mum," ulisema. Kisha, "Needs a bit more salt." Kisha ukaendelea kula mpaka nusu, ukasema bila kuniangalia, "You can come to the station. Not the airport. You'll cry on everyone."

Nikakubali kituo. Kituo cha Minto kinanitosha. Nitalia jukwaani, treni ikishaondoka, na wale vijana wa pale wamezoea kuona mengi.

Ningeweza kumalizia barua hapa. Tumepatana, nimesamehewa, chumvi imepungua kidogo. Lakini ulipokuwa unamalizia bekoni ulisema kitu kingine. "Dad's is probably rubbish anyway. He uses packet cheese." Ukaniinulia macho, ukaniangalia usoni.

Nami nilifurahi, Nekesa. Furaha ilinipanda hadi masikioni. Nikakuongezea kipande cha bekoni.

Ulipoingia chumbani nikaketi hapa, na kwa mara ya kwanza leo sikuinuka. Nilikuwa nimeshawahi kuiona sura ile uliyoniangalia nayo. Ulikuwa mdogo, ukimaliza kuongea naye kwenye simu siku za Jumamosi, unakuja jikoni unasimama karibu nami. "Dad's so boring. He just talks about snow." Nami nacheka, nafunua hotpoti, nakupa chapati ya juu, ile laini kuliko zote. Kila Jumamosi. Sikuwahi kukuambia umseme vibaya. Sikuwa na haja. Ulijifunza mwenyewe ni maneno gani yanamfanya mama acheke, na hukuwahi kurudi kutoka kwenye simu ile ukaniambia Baba amenichekesha, au Baba amenifundisha kitu, ingawa lazima alikufundisha, maana mwaka huu nimekuona ukipika naye na nimeona jinsi mnavyoongea. Mtoto wangu alikuwa akificha furaha yake ili mimi nishibe. Leo, mtu mzima mwenye tiketi mfukoni, umefanya tena, na mimi nimelipa tena.

Ile ya hotpoti umenisamehe. Hii bado hujui kama unanidai, ndiyo maana naiandika.

Kesho kutwa utaketi mezani kwake. Atakuwa amenunua kila kitu tayari, namjua, ataupika mkate ule kabla hujafungua sanduku. Nenda ukiwa na njaa. Kula mkate ukiwa bado moto. Na ukiwa mtamu kuliko wangu, usinipigie kuniambia ni mbaya. Niambie ulikuwa mtamu. Nitanyamaza kidogo kwenye simu. Usiikate, nisubiri. Nitakuuliza ametia nini.

Mimi, mama yako